Barua ya wazi kwa viongozi wa klabu yetu ya magongo (hoki ya nyasi) hapa Moshi: kabla hamjamkata Fundi, nisikilizeni kwanza

Mwenyekiti wetu, meku, shikamoo. Katibu, Mweka Hazina, kocha na kamati yote ya usajili, salaam. Naandika huku hadharani sio kwamba napenda kuanika mambo ya ndani, ni kwamba kwenye grupu nilishatuma meseji ndefu mbili, ya kwanza mkaisoma mkanyamaza, ya pili Katibu akanijibu kwa kidole gumba. Aisee kidole gumba nacho ni jibu? Mtu kakuandikia mistari arobaini we unamwekea dole.

Haya. Msimu umeisha, mechi hamna mpaka mvua zipite, na huu ndio wakati timu zinajengwa au zinabomolewa, maana ligi ikianza mnakuwa bize na nauli na maji ya kunywa, hakuna anayekaa chini kufikiri. Na orodha nimeiona. Msiniulize nimeionea wapi, Moshi hii kitu kikisemwa asubuhi Majengo mchana kishafika Memorial kinauzwa pamoja na mitumba. Mnaacha wanne, mnaleta mastraika watatu, wawili wa Arusha na yule kijana aliyesoma Nairobi. Na kwenye hao wanne wa kuachwa jina la pili ni Fundi.

Fundi! Yule anayechomelea mageti Pasua, beki wetu wa kushoto msimu wa tisa huu. Nikauliza sababu nikaambiwa hana mchango, msimu mzima hana goli hata moja, halafu umri umeenda. Nikacheka, halafu nikakasirika, halafu nikachukua simu nikaanza kuandika hii.

Kwa wadogo zangu mliojiunga juzi, mimi nilicheza fulbeki hapa hapa mpaka goti likagoma, siku hizi kazi yangu ni gaidi, gaidi wa mlima jamani, wa kupandisha wageni Kilimanjaro, sio wale wa taarifa ya habari. Na ile hoki nyingine, ya kwenye barafu, wanayocheza Kanada na Marekani, nimeijulia mlimani, tena kambi yenyewe inaitwa Barafu, Mungu naye ana utani wake. Miaka kadhaa nyuma nilipandisha mgeni kutoka Calgary, mzee wa kama miaka sitini, mpole, ila ukigusa hoki anabadilika. Pale Barafu mnalala mapema kwa sababu usiku wa manane mnaamka kwenda kileleni, na kiukweli hakuna anayelala, kichwa kinagonga, upepo unapiga hema kama unadai deni. Basi tumekaa kwenye hema la chakula na chai ya tangawizi, nikamwambia na mimi nilicheza magongo, ya kwenye nyasi, mzee akashika kichwa akaanza kunisimulia jinsi timu yake ilivyomwacha mtu.

Mtu mwenyewe ni Martin St. Louis. Mfupi, na kwenye drafti, ile siku timu zinapogawana vijana, hakuna aliyemtaja. Calgary Flames wakamchukua, wakamwekaweka, mwaka 2000 wakaona huyu hatufai wakamwachia. Tampa Bay wakamwokota. Msimu wa 2003-04 huyo huyo akaongoza ligi nzima kwa pointi na kutangazwa mchezaji bora wa ligi, halafu fainali ya Stanley Cup, kombe la ligi yao, ikawakutanisha nani na nani? Tampa na Calgary. Calgary wanaongoza mechi tatu kwa mbili, wanataka moja tu, wako nyumbani kwao, mechi ya sita ikaenda dakika za nyongeza, zikaisha, zikaanza nyingine, na goli likafungwa na yule yule waliyemuona hafai. Mechi ya saba Tampa wakashinda 2-1 wakaondoka na kombe. Mzee ananisimulia hayo miaka yote hiyo imepita na machozi yanamlenga, mi nikadhani ni mlima umeanza kumpiga. Akaongeza kwamba kwenye mechi hiyo hiyo ya sita kuna goli la Martin Gélinas lilivuka mstari na marefa hawakulitoa, nikamwambia mzee wangu hilo liache, mambo ya marefa hata sisi tunayo yetu.

Tangu hapo nikanasa. Mechi ya saa moja usiku ya Calgary wakati wa baridi yao, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo kama sina safari naamka naangalia kwenye simu na mama watoto anajua tu nimechanganyikiwa. Ila ninachokipenda zaidi kuliko hata mechi ni kipindi chao cha joto, wakati hawachezi. Kuanzia tarehe 1 Julai soko la waliomaliza mikataba linafunguka na watu wazima wanagombana mchana kutwa nani anathamani gani na atakaa wapi. Na humo ndimo nilipojifunza kitu ambacho nyie kamati naona hamjakishika, kwamba thamani ya mchezaji na kufaa kwake kwenye timu yako ni vitu viwili, na mnaweza kukipata kimoja mkakikosa kingine mkabaki mnalia.

Mzee wangu wa Calgary ana kidonda cha pili, hiki alinitumia kwa meseji mwenyewe. Jonathan Huberdeau. Msimu wa 2021-22 akiwa Florida Panthers alipata pointi 115. Kule goli ni pointi moja na pasi ya goli ni pointi moja, na yeye katika hizo 115 magoli ni 30, pasi za magoli ni 85. Yaani mtu wa kulisha wenzake. Julai 2022 Florida wakamtoa yeye, beki MacKenzie Weegar na vitu vingine wakamchukua Matthew Tkachuk kutoka Calgary, na Calgary wakafurahi wakampa Huberdeau mkataba wa miaka 8 wa dola milioni 84. Msimu wake wa kwanza Calgary akapata pointi ngapi? 55. Mtu yule yule, mikono ile ile, hajazeeka kihivyo, hajavunjika mguu. Kule Florida walikuwa wanakimbia muda wote anapata nafasi ya kupenyeza pasi, Calgary ya wakati ule ilikuwa timu ya kubana na kusukumana ukutani, hakuna wa kumkimbilia. Na Florida? Na Tkachuk wao wakafika fainali 2023, wakachukua kombe 2024, wakachukua tena 2025. Sasa uliza nani alimpata mchezaji wa pointi nyingi zaidi siku ile ya kubadilishana. Calgary.

Sisi wa mlimani hili tunalijua bila hata hoki. Kuna safari moja tulipanda na mpishi wa hoteli kubwa, mtu wa vyeti, kofia ndefu, kule hotelini watu wanamsifu. Kufika kambi ya Karanga maharage yakakataa kuiva. Mpishi mzuri lakini hajui kwamba juu kule maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, hajui kwamba Karanga ndio maji ya mwisho na ya kupikia Barafu yanabebwa kichwani, akaosha masufuria kwa maji ya kunywa ya kesho. Wagumu, wale wabeba mizigo wetu, walitaka kumrudisha Machame kwa mateke. Wiki iliyofuata nilipanda na mpishi wetu wa siku zote ambaye hata jiko la gesi la mjini linamsumbua, na wageni walikula mpaka wakaomba ya kuongeza. Nani mpishi bora? Swali lenyewe bovu, sema kwanza anapikia wapi.

Sasa turudi uwanjani kwetu. Naomba kamati kabla hamjasema jina la mtu yeyote mseme kwanza shimo letu liko wapi. Mimi mechi zote za nyumbani msimu huu nilikaa pale chini ya mkrismasi na daftari (kocha alidhani nahesabu hela za vikoba), na nilichoandika ni hiki: magoli tunafunga. Sio mengi ila tunafunga. Tunakufa tukiwa hatuna mpira, kati kati tunapokonywa, na kwenye kuzuia penati kona, hiyo nitaieleza mbele. Mastraika watatu wanaziba shimo gani hapo? Ni kama paa linavuja sebuleni we unaenda kununua kochi.

Kwa nini Fundi. Wengine mnaosoma hapa ni watu wa soka, ngoja nieleze. Gongo la hoki ya nyasi lina upande mmoja bapa na upande mmoja wa mviringo, mpira unaruhusiwa kuuchezea kwa upande bapa, ukiugusa kwa mgongo ni faulo. Na gongo la mashoto halipo, hata kama wewe ni shoto tangu tumboni utacheza na gongo lile lile la wote. Maana yake kila mchezaji duniani ana nguvu upande wake wa kulia, na kushoto kwake inabidi aligeuze gongo, acheze rivasi, na wengi wakicheza rivasi ni kama wanafagia sebule. Winga mjanja anajua, anakuja anakupitia kushoto. Ndio maana beki anayeweza kukaa upande wa kushoto, akazuia kwa rivasi bila kupiga mtu mguu, halafu akautoa mpira kwa pasi, ni mtu wa kutafutwa kwa tochi. Fundi anaweza. Pale klabuni nitajieni wa pili. Kaka yangu kocha, nitajie wa pili tu.

Wale wenzetu wa barafu nao wana hadithi yao kama hii, japo kwao kuna gongo la kulia na la kushoto, na mabeki wanapangwa wawili wawili, timu nyingi zinataka mmoja wa kila mkono. Shida ni kwamba mabeki wa kulia wazuri ni wachache. Juni 2016 Edmonton Oilers wakamtoa Taylor Hall, mtu aliyekuwa chaguo la kwanza la drafti ya 2010, mfungaji, staa, wakamchukua Adam Larsson, beki wa kulia ambaye nje ya hoki hakuna anayemjua. Moja kwa moja. Watu wakawatukana kinoma, na sitawadanganya, waliotukana walikuwa na hoja, Hall alikwenda New Jersey Devils akawa mchezaji bora wa ligi 2018. Biashara mbaya kwa bei. Lakini msimu ule ule wa kwanza Edmonton waliingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2006. Najua mtaniambia ni kwa sababu ya Connor McDavid, staa wao, sawa, McDavid ni mtu na nusu, sikatai. Ninachosema mimi ni kwamba kitu adimu kina bei ya adimu, na waliokuwa na shimo walijua walivyolipa ghali. Nyie mnataka kukitupa mlichonacho bure halafu mwezi wa sita muanze kukitafuta.

Halafu penati kona. Hii ndio inaniuma maana nilikuwa naicheza mwenyewe. Wanaozuia wanabaki watano tu nyuma ya mstari wa goli, kipa na wanne, wengine wote wanapelekwa kati kati ya uwanja. Mpira unasukumwa kutoka mstari wa nyuma, unasimamishwa kule nje ya duara, na jamaa mmoja ana gongo tayari ameshalirudisha nyuma anataka kuutuma golini kwa nguvu zake zote. Kati ya wale wanne kuna mmoja kazi yake ni kukimbia moja kwa moja kuelekea kwenye huo mpira. Unaelewa? Wenzake wanakimbia kuukwepa yeye anaukimbilia. Huyo ni Fundi, miaka tisa. Kwenye karatasi yenu ya mchango hiyo kazi haina safu. Akifika mapema mpigaji anababaika anapiga nje, na mnaandika "mpinzani alikosa". Hakukosa jamani, alikoseshwa. Siku ile Fundi alipokwenda harusini Rombo, mnakumbuka, tulikula nne, na kwenye daftari langu tatu zimepita kushoto, mbili kati ya hizo ni penati kona ambazo hakuna aliyekimbia, yule dogo aliyepewa kazi alitoka hatua mbili akageuza mgongo. Simlaumu, ana mitihani, anayahitaji meno yake.

Nisiwe kipofu wa mapenzi. Fundi ana kasoro. Mbio zimepungua, kweli. Mazoezini anachelewa kwa sababu geti la mtu lazima liishe, anafika bado ana alama ya miwani ya kuchomelea usoni. Na mdomo, mdomo wa Fundi na marefa ni ugonjwa, kadi ya kijani ni dakika mbili nje, ya njano ni tano au zaidi, na kwetu kushoto dakika tano bila yeye ni nyingi. Sasa hilo ni la kocha kumkalisha chini, au mpunguzieni dakika. Magongo mabadiliko hayana idadi, mtu anatoka anapumzika anarudi, mnaweza kumchezesha robo mbili na nusu kati ya nne ili abaki na nguvu za penati kona, nani amewaambia mtu wa miaka 34 ni acheze dakika zote 60 au aende nyumbani? Kule kwenye barafu mchezaji anaingia chini ya dakika moja anatoka, anaingia anatoka, usiku kucha. Kwa mechi wanavaa jezi watu 20, wawili makipa, na kocha haulizi nani kumi na moja bora, anauliza nani akiingia na nani inatokea nini. Wana mpaka laini ya nne, watu ambao kazi yao ni kuchosha watu wengine, na wanalipwa vizuri tu kwa hiyo kazi.

Nikienda kwa hao wageni wetu. Sina chuki nao, waje, karibuni Moshi mle ndizi nyama. Lakini yule wa kwanza wa Arusha ambaye Katibu anamsifu kwa magoli yake, mmeuliza magoli aliyafunga vipi? Alipiga mara ngapi ndio yakaingia mangapi? Mangapi ni ya penati kona, na nani alikuwa anamsukumia mpira na kuusimamisha, na huyo msukumaji na msimamishaji mnawaleta pia au mnaleta mpigaji peke yake kama panga bila mpini? Kule kwenye barafu kuna mtu anaitwa William Karlsson, Columbus walimwacha 2017 baada ya msimu wa magoli 6, timu mpya ya Vegas ikamchukua, akafunga 43 na Vegas ikafika fainali mwaka wake wa kwanza kabisa wa kuwepo. Watu wakapagawa. Ila wanaoangalia vizuri waliona kwamba karibu robo ya mipira yake ilikuwa inaingia, wakati kawaida ya kule ni kama mmoja katika kumi, wakasema hii haitadumu. Msimu uliofuata akafunga 24. Bado mzuri sana, na Vegas wamefaidi naye miaka, lakini aliyetaka kulipa kwa bei ya 43 angenunua upepo. Msimu mmoja wa moto ni msimu mmoja.

Huyu wa Nairobi mi nimemuona kwa macho, mikono yake mizuri mno, anapiga pasi kama anakata keki. Kazoea nyasi bandia za City Park. Nyie mmeusahau uwanja wetu? Upande wa shule kuna nyasi, upande wa mti kuna vumbi, na pale karibu na kona kuna jiwe ambalo tumelicheza tangu mimi kijana, tunaliita Mawenzi. Tangu Olimpiki ya Montreal 1976 walipoleta nyasi bandia magongo yakawa mchezo mwingine, mpira unateleza, mbio zinaamua, mikono laini ya zamani ya kuutuliza mpira unaorukaruka ikashuka bei. Kwetu bei haijashuka! Kijana wa nyasi bandia atasubiri mpira uje chini, na mpira wetu unakuja kwenye goti. Mchukueni, sikatai, ndiye pekee kati ya watatu ningemchukua kwa sababu ana umri wa kujifunza, ila mpeni miezi mitatu ya vumbi kabla hamjamuita mkombozi.

Mweka Hazina, dada yangu, hapa ni kwako. Najua huna hela na watu wanakusema. NHL, hiyo ligi yao ya barafu, mwaka 2004-05 walikosa kucheza msimu mzima kwa sababu ya ugomvi wa hela kati ya wenye timu na wachezaji, na walivyorudi wakaweka kikomo cha mishahara, kila timu dola milioni 39 kwa msimu wa 2005-06, usivuke. Msimu wa 2025-26 kikomo kilikuwa milioni 95.5. Kwa hiyo matajiri wote wanahesabu, ukimpa huyu nyingi yule unamkosa. Sisi kikomo chetu ni siti za gari. Tukienda Dar tunabeba 16, na kila siti ina nauli, kulala na kula, hata kama aliyekaa hapo atacheza dakika sita. Mastraika tulionao ni wanne. Ukiongeza watatu wanakuwa saba, nafasi za mbele za kuanzia ni tatu, tukibana sana, na wawili wanatoka Arusha kwa hiyo kila mazoezi mnawalipia nauli ya kuja na kurudi. Hiyo hela ya nauli ya mwezi mmoja ni glavu na helmeti ya kipa.

Na hapo kwenye kipa ndio nashindwa kuwaelewa kabisa. Tuna kipa mmoja! Mmoja, na seti moja ya pedi ambayo kamba zake tumefunga na mpira wa baiskeli. Akiumwa malaria tunafanyaje? Toronto, Februari 2020, timu ya wageni Carolina Hurricanes iliumiziwa makipa wake wote wawili usiku mmoja, ikabidi aingie kipa wa dharura wa pale uwanjani, David Ayres, miaka 42, mtu aliyekuwa anafanya kazi ya kuendesha gari la kulainisha barafu, ana figo aliyopewa na mama yake. Mipira miwili ya kwanza ikaingia yote. Halafu akazuia minane iliyofuata na Carolina wakashinda 6-3. Hadithi tamu, naipenda, ila wale wana utaratibu wa kuweka mtu wa dharura kila mechi. Sisi dharura yetu ni nani, dereva wa Noah?

Kuna anayesema eti mimi nazeekea kwenye mambo ya zamani. Zamani yetu naijua, Tanzania tulikwenda Olimpiki ya Moscow 1980 kwenye magongo, timu sita, tukawa wa sita, na India walitufunga 18-0. Sijidanganyi na zamani. Nasema tu hata ukifungwa 18 unahesabu yalipitia wapi.

Kwa hiyo ombi langu. Wanne mnaotaka kuwaacha, mmoja nakubali kabisa, anajijua, haji mazoezini na hana kazi ya kusingizia. Wawili vijana wapelekeni timu ya pili wacheze kila wiki badala ya kukaa benchi wakichat. Fundi abaki. Straika chukueni mmoja, huyo wa Nairobi. Hela inayobaki tafuteni kipa wa pili na kiungo wa kupokonya, yupo mmoja pale chuoni anacheza wikiendi tu hajasajiliwa popote, goli hana, pasi zake za kawaida, ila kila timu anayocheza nayo wapinzani wanapoteza mpira kati kati na hakuna anayejua kwa nini. Mi najua, nilimwangalia yeye tu nusu saa nzima bila kuangalia mpira. Kocha jaribu siku moja kuangalia hivyo, mtu mmoja, mpira uache uende zake.

Juzi Fundi alikuja dukani kwa mdogo wangu na gongo lake, kapata habari kama nilivyopata mimi, akasema liuzwe kama lipo la kuuza. Nikalichukua. Sijaliuza. Nimelibadilisha gripu, lipo nyuma ya mlango wangu Rau, na nimemwambia aje alichukue baada ya kikao.

Kikao ni Jumamosi saa nne. Nitakuja na daftari, na kiti nitabeba cha kwangu maana vya klabu tunajua hali yake.